Ikiisha, Tumia ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Dada,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana najijua. Nikianza na salamu nitaulizia afya, nitaulizia kazi, nitaulizia mvua, karatasi itajaa na nitasaini. Nimeshafanya hivyo mara nne. Barua nne ziko kwenye droo kibandani, chini ya vioo vya simu vilivyopasuka, na zote zinakuuliza kama mvua imenyesha.

Moto ule hukuuwasha wewe. Niliuwasha mimi, kwa kalamu.

Simu yangu hupokei, wala sikulaumu, ndiyo maana naandika. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kibandani kabeba lori la rimoti ndani ya beseni. La mume wake, mzee mstaafu, ndio mchezo wake. Akaniambia, "Fundi, mota yake inanuka moshi, na mwinuko wa getini halipandi. Nasikia kuna mota zisizo na brashi." Dada, nilishika meza. Ni maneno ya Baba yale, neno kwa neno.

Kazi nikaifanya. Nikatoa mota ya zamani, brashi zake zimelika mpaka zimebaki kama kucha. Nikafunga mpya, ile ya nyaya tatu, na kisanduku chake cha kuongoza mwendo, na betri ya lithiamu, nyepesi, laini, isiyokubali chaja nyingine yoyote ila yake. Nilipowasha ikazunguka kinyume. Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili, ikakaa sawa. Mama akafurahi. Akasema, "Sasa niandikie namna ya kuchaji, mzee wangu akiambiwa kwa mdomo anajibu ndiyo halafu anafanya lake." Nikachukua kalamu nikaandika neno moja: Mpya. Mkono ukagoma. Mama akanitazama. "Fundi, unaumwa?" Nikamwambia ni vumbi.

Unakumbuka Baba alipopigwa na kiharusi, mtu wa miaka thelathini kwenye lori kubwa, akawa mtu wa kiti. Tukampatia lile lori la rimoti, ukalipaka rangi kama lake, bluu na mstari mweupe. Mimi nikalitia mota isiyo na brashi, nikamfungia rimoti kwenye ubao wa kuweka mapajani, usukani na mafuta nikaviweka kwenye kijiti kimoja, maana mkono aliobaki nao ni mmoja. Siku ya kwanza lilipopanda mwinuko wa getini akauliza, "Mbona halilii?" Nikamwambia halina brashi za kusugua. Akasema, "Lori lisilolia ni lori la wizi." Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Nilipokuwa naondoka kwenda safari yangu ya siku tatu nilikubandikia karatasi ukutani: "Dada, mpya imejaa. Ikiisha, tumia ya zamani." Nilimaanisha betri. Betri mpya ikiisha, mwekee Baba betri ya zamani mpaka nirudi. Wewe ukasoma chaja. Ukaichukua betri mpya ukaichomeka kwenye chaja ya zamani. Nani asingesoma hivyo? Betri ni mpya na chaja ni mpya, betri ni ya zamani na chaja ni ya zamani. Nilikosa neno moja, "betri", herufi tano tu, na chumba cha Baba kikaungua.

Karatasi yenyewe iliteketea, ila maneno nayakumbuka.

Umekaa miaka kumi na moja ukiitwa Kiberiti na ukoo mzima, na mimi nimo. Mwezi wa pili, kwenye kikao cha kumtafutia Shangazi mtu wa kukaa naye, lilisomwa ombi lako kwamba uko tayari kuhamia kwake umtunze. Binamu yetu wa karakana akasema, "Kiberiti alale nyumba moja na mtu asiyeona? Basi tuwaite zima moto mapema, wapate na chai." Watu wakacheka. Nilikuwa nimekalia kiti cha mwenyekiti, Dada. Nikaandika kwenye daftari: ombi halikukubaliwa.

Nisamehe kwa uandishi mbaya ule.

Mdogo wako,
Fundi


Alhamisi, 20 Machi

Fundi,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa. Nimekawia kujibu kwa sababu kuna vitu nilitaka kuvitafuta kwanza. Nimevipata.

Nina kalenda ya mwaka ule. Ilikuwa imetundikwa pembeni ya mlango, kando ya karatasi yako, haikupita upana wa kiganja. Unaikumbuka, ina picha ya farasi. Haijaungua. Imeshika moshi juu tu. Ukuta ule haukufikiwa na moto, moto ulikuwa upande wa meza. Nilirudi pale siku ya pili mikono imefungwa bandeji, nikaona ukutani vipande vinne vya gundi ile nyeusi ya umeme unayoitumia wewe, kila kimoja kwenye kona yake, na katikati hakuna kitu. Nilidhani watu wa zima moto wameichukua. Sasa wewe unaniambia iliteketea. Mimi sikusoma ufundi, lakini karatasi gani inateketea inaacha gundi safi?

La pili. Chaja mpya ilikuwa wapi? Umeandika barua nzima kuhusu chaja na hilo hukuligusa. Siku ile Baba aliniambia, "Mama, gari limezima njiani, nitie mafuta." Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema. Nikaitafuta chaja mpya. Nilifungua droo zote, nikainama mpaka chini ya kitanda, Baba ananitania kwamba dereva mwenye utingo kama mimi angefika kesho. Sikuiona. Ndipo nikarudi kwenye karatasi yako nikasoma "tumia ya zamani", nikajisemea, aha, kumbe Fundi alijua haipo, ndio maana akaandika. Na kichwa cha waya kikaingia vizuri kabisa, bila kulazimisha.

Unasema nisamehe kwa uandishi mbaya. Mimi kwa miaka kumi na moja nimejiuliza kama najua kusoma. Nakaa mapokezi ya zahanati, naandika majina ya wagonjwa, na kila jina nalisoma mara tatu, watu kwenye foleni wananung'unika. Zamani nilikuwa nakata kitambaa kwa jicho tu. Vidole viwili vya kushoto havikunji tena, kitambaa hakisogei chini ya sindano, cherehani niliiacha.

Kwa hiyo usiniombe msamaha wa uandishi. Niambie karatasi iko wapi, na chaja ilikuwa wapi.

Dada yako


Jumapili, 30 Machi

Dada,

Karatasi iko mbele yangu ninapoandika. Ina alama nne za gundi kwenye kona. Haijawahi kuungua.

Nitakwambia yote na sitarembesha.

Chaja mpya niliichukua mimi. Ilikuwa nzuri kuliko chaja zote za kibandani, ina kioo, inaonyesha namba. Nikasema siku tatu tu, nikitoka safari nipitie nayo kibandani, niwaonyeshe wateja. Haikuwa ya kwangu, tulimnunulia Baba. Niliitia kwenye begi asubuhi ile wewe ukiwa unamnyoa. Ndiyo maana niliandika karatasi badala ya kukwambia kwa mdomo. Ningekwambia kwa mdomo ungeuliza, "Chaja yake iko wapi?" Wewe huachi kuuliza. Karatasi haiulizwi. Na vichwa vya waya niliviweka vya aina moja kila mahali ili nisihangaike, betri zote mbili na chaja zote mbili. Mafundi tunajua tusifanye hivyo. Kama vingekuwa tofauti, kisingeingia, ungeacha.

Nilirudi saa kumi jioni ile watu wamejaa uani, Baba amekalishwa kwenye kiti cha jirani, wewe umeshapelekwa hospitali. Nilipita mlangoni nikaiona karatasi ukutani. Nikaisoma. Ndipo nikaisoma kama ulivyoisoma wewe, Dada, kwa mara ya kwanza. Mkono ukaenda wenyewe. Hapana, nimesema sitarembesha. Mkono haukwenda wenyewe, niliupeleka. Nikaibandua, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye soksi.

Nilipotoka nje mzee wa nyumba ya pili akaniuliza, "Fundi, imekuwaje?" Nikajibu, "Nilimwandikia, hakusoma." Maneno mawili. Kila nilipoulizwa nikawa narudia hayo hayo, yakawa mepesi mdomoni. Shangazi akayachukua, binamu wakayachukua, mwisho mtu akasema Kiberiti, na jina likakaa.

Bado moja, na hili ndilo lililonifanya niandike zile barua za mvua.

Baba alipokuwa kwangu, miezi ile ya mwisho, siku moja aliniuliza, "Ile karatasi uliandika nini hasa?" Nikamjibu, "Niliandika vizuri, Baba." Akasema, "Mwambie dada yako nimemsamehe." Nikaja kwako na msamaha ule, umekaa kwenye kigoda bandeji bado iko, nikakwambia, "Baba kasema amekusamehe." Ukalia. Ukasema, "Mwambie asante." Nikakupa leso yangu. Nikakushika na bega.

Sijui niandike nini baada ya hapo. Naambatanisha nini? Karatasi nataka nikutumie ikae kwako. Niambie tu.

Mdogo wako


Ijumaa, 25 Aprili

Dada,

Karibu wiki nne sijapata neno. Nilipita karibu na zahanati yenu Jumatatu, nikakuona kupitia dirishani. Ulikuwa unasoma jina la mtu huku umeweka kidole chini yake, na mwanamume mmoja anakwambia, "Mama, ni jina hilo, si mtihani." Nikarudi nyumbani.

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja mpaka zikaisha zote, halafu akasema, "Na mimi nimemwita Kiberiti mbele ya watu."

Kama hutaki kuniandikia usiandike. Ila karatasi niitume?

Mdogo wako


Jumanne, 6 Mei

Fundi,

Usiitume. Ukiituma kwangu mimi ndiye nitakayekwenda nayo kwa watu nikisema jamani oneni, na watasema Kiberiti kajiandikia karatasi. Halafu wewe utakuwa umeshamaliza. Kaa nayo.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo sikuitegemea. Moto sikuukasirikia, uandishi sikuukasirikia. Hata chaja, nikikufikiria umetoka na begi lako, unatembea haraka kama mtu aliyeiba sukari, nacheka kidogo. Ulikuwa hivyo tangu zamani. Kilichonishinda ni leso. Nimeitafuta ile leso nyumba nzima. Nilikuwa nimeitunza.

Sasa na mimi nikwambie jambo ambalo hulijui. Mnasema wote niliungua nikimtoa Baba. Si kweli. Baba nilimtoa mzima na mimi mzima, nikamburuta na kiti chake mpaka uani. Moshi ulikuwa bado mdogo. Akaanza kulia, "Lori! Lori langu liko ndani!" Unajua alivyokuwa akilia baada ya kiharusi, mdomo upande mmoja. Nikarudi. Lori lilikuwa juu ya meza ile ile. Betri ilikuwa imevimba kama mto, ikapasuka wakati naweka mikono. Nililitoa. Bodi imeyeyuka upande, ile bluu imekuwa nyeusi, lakini nililitoa nikamwekea mapajani. Kisha ndio nikaona mikono yangu.

Sikumwambia mtu kwa sababu wangenicheka zaidi. Mtu mzima kaungua kwa lori la kuchezea.

Liko chini ya kitanda changu. Siku niliyopata barua yako ya pili nililitoa nikalifuta. Ile mota yako isiyo na brashi, nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka laini kama uliifunga jana. Magurudumu mawili yanaenda.

Kuhusu msamaha wa Baba. Ule haukuwa wangu. Baba aliutuma ukafika nyumba siyo, na mimi nikaupokea kwa sababu ulikuja na jina langu. Uchukue. Nakurudishia, na asante niliyoisema nairudisha pia. Sasa ni wako, mzee alikusamehe bila kujua. Wangu mimi bado sijauandika. Usiniulize.

Nikwambie ninachotaka. Shangazi amepiga simu kupitia jirani yake. Anasema yule msichana waliyempangia amekaa wiki mbili akaondoka, yeye Shangazi ameanguka mara moja bafuni, kikao kinaitwa tena mwezi wa sita. Aliniuliza mwenyewe, "Wewe, ni kweli hukusoma?" Hajawahi kuniuliza hivyo hata siku moja. Nikamwambia, "Shangazi, nilisoma." Akasema, "Basi kuna mtu anadanganya. Mimi sioni, lakini sijawa kiziwi."

Nataka kukaa na Shangazi. Nina hamu ya kumhudumia mtu tena. Nataka niwe napasha maji ya kuoga nyumbani kwa watu bila mtu kusimama mlangoni kunichungulia kama nimezima jiko. Hilo tu. Ukilifanya litendeke, halafu tutaona.

Na lori usije kulitengeneza kwanza. Najua utataka. Usiliguse mpaka hilo lipite.

Dada yako


Jumatano, 14 Mei

Dada,

Nimekuelewa. Sitaituma karatasi na sitakuja kuliona lori.

Leo mchana nimekwenda kwa binamu wa karakana, nimemwomba ajenda ya kwanza. Akauliza, "Ajenda gani hiyo, mwenyekiti?" Nikamwambia mimi si mwenyekiti tena, aendeshe kikao yeye. Akacheka. "Umepata cheo kingine?" Sikumjibu, maana ningemjibu pale pale karakanani ningekuwa nimemaliza kirahisi, kwa mtu mmoja aliyelala chini ya gari. Nimemwambia tu awaite wote, hata wale waliokuwa wadogo wakati ule na wanakuita Shangazi Kiberiti bila kujua kwa nini. Binti yangu wa kwanza ni mmoja wao. Nimemwambia atakuja.

Usiku wa jana niliogopa, nikaandika maelezo kwanza, niwaeleze lithiamu ni nini, na kichwa cha waya, na namna lugha inavyoweza kumchanganya mtu. Asubuhi nimeyachana. Nikiwaeleza lithiamu watanionea huruma kama fundi, watasema bahati mbaya. Kuiba chaja siyo bahati mbaya, na kubandua karatasi siyo bahati mbaya.

Yule mama wa lori la beseni alirudi jana. Mzee wake anapanda mwinuko vizuri sasa, anamsumbua paka wa jirani. Amekuja kuniuliza maana ya karatasi niliyomwandikia baadaye. Imejaa neno betri, betri, betri, mara saba, akasema, "Fundi, ulidhani sisi wajinga?" Nikamwambia hapana mama, mjinga alikuwa mwingine.

Mke wangu atakuja nami. Amesema atasimama mlangoni, ili nikitaka kutoka katikati nimkute.

Basi, Dada. Jumamosi, tarehe saba Juni, saa nne asubuhi, sebuleni kwa Shangazi. Nitamkalisha Shangazi kiti cha mbele, na kwa kuwa haoni, kuionyesha karatasi haitoshi, nitaisoma kwa sauti. Nitasema nani aliichukua chaja na nani aliibandua karatasi na nani alisema "hakusoma". Nitasema pia Baba alimsamehe nani. Nitawaambia uliunguzwa na kitu gani, kama utaniruhusu, usiponiruhusu sitalitaja. Halafu nitampa Shangazi karatasi mkononi azipapase zile alama nne za gundi, nitakaa, na utasema wewe.

Nitaisoma kama ilivyo: "Dada, mpya imejaa. Ikiisha, tumia ya zamani." Neno betri sitaliongeza. Sikuliandika.

Mdogo wako